Kifuta Machozi cha Mitutu Miwili

Kaa hapa nikueleze, na usione haya kunikatiza ukiona nimekwenda mbio, kwa maana jambo hili bado linanipandisha hasira, nami nikikasirika huruka hatua. Kama umewahi kujifunza udereva utanielewa upesi. Kama hujawahi, usijali. Tutaanza na gia ya kwanza.

Mimi hufundisha watu kuendesha gari. Wiki yangu nimeigawa, siku tatu Migori na siku mbili Homa Bay. Nimefundisha wauza samaki wa omena, makarani, padri mmoja, na bibi mwenye wajukuu tisa aliyetaka kumwonyesha mwanawe kwamba usukani hauna jinsia. Sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba hawezi. Husema "bado", na bado si hapana. Bado ni njoo kesho.

Kati ya niliowaambia "bado" mara nyingi yumo kijana mmoja wa ukoo alikoolewa dada yangu mkubwa. Dada aliolewa upande wa Homa Bay, katika boma ambalo shamba lake linateremka mpaka ziwani. Kijana huyo ni mtoto wa ndugu ya mumewe. Namwita kijana lakini ni mtu wa miaka thelathini na kitu, alikuwa akipakia miwa kwenye malori kule Awendo kabla ya kurudi nyumbani kulima. Kwa desturi yetu dada yangu ni mama yake, kwa hivyo na mimi ni mama yake. Nyumbani aliniita mama, garini akaniita madam.

Mikono yake ilikuwa mizuri. Gia aliziingiza kama mtu anayekoroga uji. Shida yake ilikuwa moja tu, hakutaka kugeuka kuangalia nyuma.

"Nyuma kuna nini?" nilikuwa nikimuuliza kabla hajarudisha gari.

"Nyuma kuko sawa, madam."

"Umeangalia?"

"Naskia tu."

"Gari haliendeshwi kwa masikio, baba. Geuza shingo."

"Shingo itachoka, madam. Vioo ni vya nini?"

"Basi angalia vioo."

Hakuangalia vioo pia. Siku ya mtihani wa kwanza alirudi nyuma akaangusha pipa lililowekwa makusudi, mtahini akaandika alama yake na kumwambia ashuke. Mara ya pili mtihani hakuufikia, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikataa kumpeleka. Alinuna wiki nzima. Nikamwambia pipa halina mama wa kulilia, lakini siku moja nyuma yake hapatakuwa na pipa.

Mume wa dada yangu akafa baada ya kuugua muda mrefu. Alikuwa mtu wa utaratibu. Aliacha pikapu ya kubebea mahindi, na aliacha bunduki. Usishtuke, ilikuwa bunduki halali, ndefu, ya mitutu miwili, ile aina inayotawanya vigololi. Viboko hutoka ziwani wakala mboga, nyani hushuka kutoka kilimani wakamaliza mahindi. Yeye aliomba kibali zamani, akachunguzwa, akapewa cheti, na kila mwaka alisafiri kwenda kukihuisha. Bunduki aliifungia kabatini. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Katika ugonjwa wake wa mwisho ufunguo ulivuliwa na wauguzi, ukaletwa nyumbani kwenye mfuko wa karatasi pamoja na soksi.

Wiki kadhaa baada ya mazishi, ndugu zake walikaa sebuleni kugawana vitu vyake. Ndiyo desturi, nguo za marehemu, kigoda chake, fimbo yake, kila kitu kipate mtu. Mimi na dada tulikuwa jikoni tukipika chai, dirisha likiwa wazi, na tulisikia yote.

"Pikapu je?" mmoja aliuliza.

"Apewe huyu kijana. Si ndiye alikuwa anamsaidia marehemu kwa shamba?"

"Nani? Huyu?" Hapo pakawa na kicheko. "Huyu hata leseni hana! Mama yake mwalimu amemwangusha mpaka amechoka kumwangusha."

"Polisi watamshika hapo tu kwa lami. Na bima ikikataa?"

"Halafu logbuku bado iko na jina la marehemu. Mpaka karatasi za korti zitoke. Hiyo gari ikae hapo na mama."

Walikubaliana. Nilijisikia vizuri, nakwambia kweli. Nilimgusa dada bega nikamwambia, unaona, watu wameelewa. Watu ambao hawajawahi kukaa darasani mwangu walikuwa wanataja leseni, bima, logbuku na jina la mwenye gari kama watu wanaosoma amri kumi.

Kisha mkubwa wao akakohoa. "Lakini mtoto asitoke mikono mitupu. Alimuuguza marehemu. Mpeni ile bunduki iwe kifuta machozi. Nyani wanatumaliza."

Wakapiga makofi. Mmoja alikwenda kabatini, akaileta, ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akiipima uzito na kuisifu, mpaka ikafika kwa kijana. Mdomo uleule uliomnyima pikapu kwa kukosa leseni ukampa bunduki, kabla hata chai haijapoa.

Niliingia sebuleni nikiwa bado nimeshika kitambaa cha sufuria.

"Jaduong'," nikamwambia yule mkubwa kwa heshima, maana ndivyo tunavyomwita mzee, "bunduki nayo ina leseni yake."

"Leseni iko, mwalimu. Iko kwa sanduku."

"Iko kwa jina la marehemu."

"Basi si ni ya familia?"

"Jaduong', leseni yangu ya kuendesha, nikifa, dada yangu ataiendeshea?"

"Hiyo ni gari."

"Na hii je?"

"Hii ni kitu ya nyumba." Akawageukia wenzake. "Mkuki wa baba yetu ulienda kwa nani? Kuna mtu aliombea mkuki leseni?"

Walicheka tena, na mwingine akasema, "Mwalimu, hapa si darasani. Hebu tuangalizie chai isichemke ikamwagika."

Nikarudi jikoni. Nimewaeleza watu maelfu tofauti ya klachi na breki bila kuchoka, lakini siku hiyo nilichoka baada ya sentensi nne. Dada yangu aliendelea kupanga vikombe. Yeye ndiye aliyebaki kwenye boma lile, na yeye ndiye angekuwa anapita mbele ya ile mitutu kila asubuhi akienda kuteka maji.

Siku iliyofuata nilikuwa Migori. Darasani kwetu tuna ubao mkubwa uliochorwa mji, wenye barabara, mizunguko na vivuko, na mwanafunzi husogeza kigari kidogo juu yake akieleza anafanya nini na kwa nini. Nilikuwa sina moyo wa kusogeza kigari. Nikawauliza swali: je, bunduki nazo zisimamiwe kama magari, mtu ajifunze, apimwe, apewe leseni, chombo kiandikwe namba, kikaguliwe, kilipiwe bima?

Wa kwanza kujibu alikuwa baba mmoja Mkuria, mfugaji kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, aliyekuwa anajifunza ili apeleke maziwa sokoni mwenyewe.

"Madam, nikuambie ukweli?"

"Niambie."

"Yule anakuja kuchukua ng'ombe zangu, leseni alipewa na nani? Ukileta sheria, mimi nitapanga foleni na kitambulisho yangu. Yeye hatapanga. Atanikuta kwa foleni."

Darasa lilicheka, lakini yeye hakucheka, na mimi nilimheshimu. Amewahi kumzika jirani yake aliyeuawa na wezi wa mifugo. Nikamwambia hoja yake ni nzito na sina jibu linaloitosha.

Msichana anayeuza simu akainua mkono. "Na hao watu wa boda je? Nusu yao leseni hawana. Basi tuondoe leseni kwa kila mtu?"

"Na magari yana leseni na bado yanaua," mwingine akaongeza.

Hapo ndipo nilipojaribu kueleza, na nataka nikueleze wewe pia. Leseni haizuii kila ubaya. Kazi yake ni mbili. Ya kwanza, inamfanya mtu asimame kidogo kabla ya kukabidhiwa kitu kinachoweza kuua, na wakati amesimama tunamwangalia. Mimi ndiye ninayeangalia. Ningekuwa sipo, yule kijana wetu angekuwa barabarani akirudi nyuma kwa kusikia. Ya pili, likitokea la kutokea, inajulikana ni chombo cha nani na nani wa kuulizwa.

Na jambo hili watu wengi hawalijui. Kwenye karatasi, bunduki tayari ina sheria kali kuliko gari. Cheti cha shemeji kilikuwa kigumu kupata kuliko leseni yoyote niliyowahi kumsaidia mtu kupata. Lakini gari hujisema lenyewe. Lina namba mbele na nyuma, lina stika kwenye kioo, na kila mtu njiani, mpaka muuza ndizi, ni mkaguzi wake. Bunduki hulala kabatini. Hakuna jirani anayeona kwamba cheti kimeisha. Kwa hiyo mimi sidai karatasi tu. Nadai ile tabia. Nataka mzee akishika bunduki aseme "huyu hata leseni hana" kwa haraka ileile aliyosema juu ya pikapu.

"Kwa hivyo ziwe kama gari," msichana wa simu alisema, kama anayefunga mjadala.

"Si sawasawa. Gari nataka kila mmoja wenu ajifunze, na nitafurahi. Bunduki sitaki."

Mkuria akatikisa kichwa. "Hujawahi kuibiwa ng'ombe, madam."

Sijawahi. Tulirudi kwenye ubao, na kigari kikapita mzunguko bila kutoa ishara.

Ilikuwa Jumatatu, nipo Homa Bay na mwanafunzi, dada aliponipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uko mbali?"

"Niko mjini. Kuna nini?"

"Tangi la maji limetobolewa."

"Na nani?"

Nikaelewa kabla hajajibu. Ilikuwa imetokea Ijumaa. Nyani walikuwa kwenye mahindi, kijana akatoka na bunduki, akafyatua mara moja. Nyani walikimbia wote, wazima. Vigololi vikapita katikati ya mahindi vikaingia kwenye tangi jeusi kando ya jikoni, na maji yakatoka kama kwenye kichujio. Dada yangu alikuwa pale kwenye bomba akiosha vyombo. Bahati yake, dakika ile alikuwa ameingia ndani kuchukua sabuni.

"Mbona hukunipigia Ijumaa?"

"Niliona aibu. Utasema ulituambia."

Alimweleza chifu, chifu akampa namba ya kituo. Alipiga kituo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kila mara mtu alimjibu kwa adabu kwamba gari la kituo liko gereji, watatuma mtu. Nilimwomba radhi mwanafunzi wangu, nikaenda.

Kijana nilimkuta ameketi nyuma ya nyumba yake, sahani ya chakula iko chini haijaguswa, kuku wanaizunguka. Nilikuwa nimekuja na maneno makali, nimeyapanga njia nzima. Nikayaweka. Nikakaa kwenye jiwe karibu naye.

"Nyani walikuwa wapi?"

"Kwa mahindi."

"Na nyuma ya mahindi?"

"Tangi."

"Na kando ya tangi?"

Akawafukuza kuku kutoka kwenye sahani. "Mama," akasema mwishowe, na sikujua kama ananijibu au ananiita.

"Iko wapi sasa?"

"Chini ya kitanda. Madam, usiende huko. Kuna ingine ndani."

"Ingine nini?"

"Risasi. Marehemu alikuwa anaweka mbili kila mara. Nilifyatua moja. Sijui inafunguliwa wapi nitoe hiyo ingine."

Nilimwuliza nani alizitia. Akasema hakuna aliyezitia, zilikuwamo tangu ilipotoka kabatini. Shemeji lazima aliziacha katika siku zake za mwisho, mtu wa utaratibu ambaye homa ilikuwa imemnyang'anya utaratibu. Hebu rudi nami sebuleni kidogo. Ile bunduki iliyopita mkono kwa mkono ikisifiwa, juu ya meza yenye vikombe vya chai, ilikuwa na risasi mbili ndani, na hakuna aliyejua kuifungua kuangalia.

"Kwa nini hukuwaambia wazee hujui?"

"Ningesemaje? Wamenipa mbele ya watu wote. Leseni sina, sasa niseme na bunduki siwezi?" Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nimelala nayo usiku tatu, madam. Silali. Nikigeuka kitanda inalia, naona kama itafyatuka yenyewe."

Hasira yangu kwake iliishia hapo. Ile iliyobaki ilikuwa kwa wengine wote, na kwangu pia, niliyerudi jikoni kuangalia chai.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Ningepaswa kuwapigia simu tena polisi, nikasubiri. Lakini nilifikiria dada yangu akilala usiku mwingine katika boma lile, nikaona tuipeleke wenyewe. Kijana aliitoa polepole, mitutu ikiangalia ardhi, vidole mbali, mimi nikihesabu hatua kwa sauti kama ninavyofanya garini. Tukaizungushia blanketi, tukailaza nyuma ya pikapu katikati ya magunia ya mahindi, mitutu ikielekea nyuma, mbali nasi watatu. Dada akachukua mfuko wa plastiki wenye karatasi zote za pikapu na cheti cha bunduki. Mimi nikashika usukani.

Hatukufika mbali. Kijana, aliyekaa dirishani, aligeuza shingo yake yote.

"Madam! Nyuma kuna mtu!"

Nikaangalia kioo. Pikipiki ilikuwa imetufuata kwa karibu, mama mmoja na mtoto nyuma ya dereva, sawasawa mbele ya ile mitutu. Nilivuta pembeni, nikawapisha. Kumbe nilikuwa nimeelekeza hatari mbali na sisi nikailenga barabara nzima. Tuliposimama tuligeuza kile kitu kikaangalia gunia la mahindi, ambalo sijui lingezuia nini.

Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha polisi.

"Mama, habari ya safari?"

"Salama, afande."

Alitaka leseni yangu, nikampa. Akaangalia stika ya bima, akaangalia tarehe. Akazunguka akapiga teke magurudumu yote manne. Akaomba kuona pembetatu za kuweka barabarani, akaziona. Akaomba kizima moto, dada akakitoa chini ya kiti.

"Hii taa ya nyuma imepasuka kioo."

"Ndiyo, afande. Nitaitengeneza."

"Hii ni makosa, mama. Na wewe unaonekana mtu anajua barabara." Akaegemea ukingo wa pikapu. "Huku mmebeba nini?"

Nilifungua mdomo. "Afande, ndani ya blanketi kuna..."

"Mali ya marehemu," dada alisema, macho yakimjaa machozi, na hakuwa anadanganya.

Afande akavua kofia. "Oh. Poleni sana. Pitieni, pitieni." Alikuwa tayari anainua mkono kusimamisha lori la miwa lililokuwa nyuma yetu.

Nimeifikiria dakika ile mara nyingi. Mtu alifanya kazi yake vizuri. Kila alichofundishwa kuuliza juu ya gari, aliuliza. Kila nilichofundishwa kumjibu, nilimjibu. Na bunduki iliyo na risasi, isiyo na mwenyewe wala leseni, ilipita kwenye kizuizi cha polisi tukihimizwa tutengeneze taa.

Kituoni tulimkuta afisa kijana mezani.

"Tumeleta bunduki," dada alisema.

"Iko wapi?"

"Kwa pikapu."

Akasimama. Akasoma cheti. "Hii ni ya mtu mwingine."

"Ni bwanangu. Alifariki."

"Kwa hivyo mnakaa na bunduki bila leseni. Mnajua hiyo ni jela, mama? Na mmeisafirisha bila kibali."

"Nilipiga simu hapa mara tatu," dada alimwambia.

"Aliyeshika simu alikuwa nani?"

"Mimi ningejuaje?"

Akakuna shingo. "Anayeshika stoo ya silaha yuko kozi. Rudini Alhamisi."

"Nayo?" nikauliza.

"Nayo."

Nikakaa kwenye benchi. Miaka yote nimewaambia wanafunzi wasipandishe sauti kwa mtu aliyevaa sare, na sikuipandisha. "Afande, pikapu yangu ikiwa na breki mbovu mtaizuia hapa hapa. Hamtaniambia niiendeshe nyumbani niirudishe Alhamisi. Sasa bunduki yenye risasi ndani ndiyo nirudi nayo?"

"Yenye risasi ndani?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea ukutani wote kwa pamoja. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka sajini, mwanamke mfupi mwenye miwani. Hakuuliza mengi. Aliwaondoa watu uani, akapanda pikapu, akafunua blanketi, akaelekeza mitutu ardhini na kusukuma kitu kidogo kwa kidole gumba. Bunduki ikakunjika katikati. Kiganjani mwake zikaanguka risasi mbili, moja tupu, moja nzima, nyekundu.

"Kumbe ni hapo tu," kijana alinong'ona. Kisha akaenda nyuma ya ukuta na tukamsikia akitapika.

Sajini alituandikisha sote watatu. Kijana alielezwa kwamba atarudi kutoa taarifa kamili, na kwamba shtaka linaweza kumfika au lisimfike, inategemea wakubwa. Dada aliweka sahihi. Tulipomaliza, sajini alivua miwani.

"Kwa nini mliibeba? Mngeniita ningekuja hata na pikipiki."

"Tulipiga mara tatu."

"Mlipewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio?"

"Hapana."

"Basi hakuna kitu kiliandikwa. Kama haiko kwa kitabu, hakuna mtu anaulizwa mbona hakuja."

Ningeweza kukasirika naye pia, lakini ndiye pekee siku ile aliyenieleza jambo kama mwalimu.

Wazee walipopata habari walisema nimepeleka urithi wao kwa serikali. Yule mkubwa hajanisalimia hadi leo. Alimwambia dada yangu kwamba mwalimu wa gari angebaki na magari yake. Kijana naye ameitwa kituoni mara mbili na bado hajaambiwa litakaloamuliwa. Dada yangu amenunua tangi jingine, na kila akisikia kitu kikianguka huinama kwanza, halafu huangalia. Nyani wamerudi. Mkuria wangu alifaulu mtihani wake, akanipa mkono na kuniambia bado hakubaliani na mimi, na huko kwao karibu na mpaka bado watu wanalala na viatu miguuni. Sikuwa na la kumjibu, na mtu wa kazi yangu hapendi kukosa la kujibu.

Lakini wewe uliyenisikiliza mpaka hapa nina la kukuambia, na utaliweza. Mtu akifa nyumbani kwenu akaacha bunduki, iwe halali au isiwe, usiiguse, usiigawe, usiibebe. Funga chumba ilimo na uwatoe watu. Nenda kituo cha polisi mikono mitupu, uchukue cheti chake kama kipo, uwaambie waje waichukue, na usitoke mlangoni pao kabla hujaandikiwa namba ya OB.